Kopo la Sarafu za Wayunani

Siku tuliyomzika dada yangu Sekela nilikaa nyuma ya nyumba yake hapa Tunduma, karibu na akina mama waliokuwa wanaosha masufuria, nikamsikia mmoja akimuuliza mwenzake, "Hivi zile rupia zake zilikwendaga wapi?" Mwenzake akajibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa, "Wanasema alizifukia. Wengine wanasema ndizo zilizomjengea hii nyumba." Kisha wakaniona. Mmoja akaniambia, "Pole, mjomba," akaendelea kusugua sufuria mahali palepale alipokwisha kusugua. Sikuwajibu. Mimi si mtu wa maneno, na shule yangu iliishia darasa la saba kule Ibaba. Lakini Neema, binti wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni na beseni mkononi, na niliona kwamba ameyasikia. Katika mambo ya mwaka ule wa sarafu hizo yeye ndiye aliyekuwa hatarini kuliko sisi wote, naye hakumbuki hata moja, kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema majina ya vitu. Kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyaona. Nyumba hii ilijengwa na kazi ya dada ya kubadilisha kwacha na shilingi, juani na mvuani, miaka mingi. Na zile hazikuwa rupia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikaa kwa dada, chumba na sebule kando kabisa ya barabara kuu ya lami, mahali ambapo malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia hupunguza mwendo na kuguna. Lori lenye mzigo likipita, nyumba nzima ilitetemeka. Vikombe kabatini viligongana, kioo cha dirisha kililia, maji ya kunywa kwenye bilauri yalifanya duara ndogondogo. Sisi wa ndani tulikuwa hatusikii tena. Mgeni ndiye aliyeinua uso na kuangalia dari, na dada akamwambia, "Endelea kula, ni barabara inapita." Chakula chetu kilikuwa ugali na maharage, dagaa siku nyingine, na Jumapili wali kama Baba Neema yuko. Mara nyingi hakuwepo. Shemeji yangu huyo alikuwa dereva wa lori la kwenda Kongo, na akiondoka tulikuwa hatujui atarudi mwezi huu au ujao. Mimi nilivusha mizigo kwa baiskeli kwenda Nakonde, upande wa Zambia, sabuni na mafuta ya kula, na dada alikaa kwenye benchi na wabadilishaji wenzake, mkoba umefungwa kiunoni chini ya kitenge. Alikuwa anajua noti mbovu kwa kidole gumba, bila kuitazama. Jioni alinawa mikono kwa sabuni hadi viwiko kabla ya kumshika mtoto, akisema hela inapita kwa kila mtu, na yeye hataki kila mtu apite kwa Neema.

Sarafu zilianza na Mzee Yani. Alikuwa Mgiriki, mmoja wa wale ambao Biblia inawaita Wayunani, lakini alizaliwa hukuhuku na Kiswahili chake kilikuwa cha Mbozi kabisa, kile cha kuvuta maneno mwishoni. Alikuwa na shamba la kahawa lililokwisha kuchoka kama yeye. Siku moja alikuja kubadilisha kwacha, akaona kwenye kiganja cha dada senti ya zamani ya Rodesia na Nyasa, yenye tobo katikati na tembo pembeni. Bibi mmoja wa Nakonde alikuwa amempa dada kama mchezo. Mzee Yani aliishika hiyo senti muda mrefu, akasema, "Mwanangu, hii usiniuzie. Tubadilishane. Wewe si ndiyo kazi yako?" Akarudi wiki iliyofuata, akampa sarafu ndogo ya kahawia iliyoingia ukijani, nene, isiyo duara sawasawa. Upande mmoja uso wa mtu umevaa ngozi ya kichwa cha simba, upande wa pili rungu. Alisema ni ya Wagiriki wa kale, kabla ya Yesu kuzaliwa, na yeye anazo nyingine nyingi, za baba yake, na hana mtu wa kumwachia. Tangu siku hiyo mimi nikawa natafuta. Nikishashusha mzigo Nakonde, nilipita kwa mabibi wanaouza mboga na kuwauliza kama wana indalama, yaani hela, za zamani, zile za Mwingereza zilizotobolewa. Walinicheka. "We Mtanzania, za sasa umezimaliza?" Lakini walikwenda kuchimbua kwenye vikapu vyao, na kila senti ya tobo niliyoipata dada aliipeleka Mbozi ikarudi sarafu ya Kigiriki.

Nilimsindikiza mara kadhaa. Tulikaa kibarazani kwa Mzee Yani, mezani pamepangwa kahawa chungu na maharage ya baridi yaliyomwagiwa mafuta na vitunguu, naye akazitoa sarafu moja moja kutoka kwenye trei la mbao lililowekewa kitambaa. Ya fedha alikuwa nayo moja tu na hakuipenda. "Ya fedha ni ya mfalme kulipa askari," alisema. "Hii ya shaba na bati ni ya mtu wa kawaida. Kuna mama aliishika hii akaenda nayo sokoni akanunua samaki, akarudi nyumbani akawapikia watoto. Jina lake hakuna anayelijua. Hela yake hii hapa." Dada akaigeuza. Mzee Yani alimkataza kuzisugua. Ule ukijani ndio ngozi yake, alisema, ukiutoa umeichuna. Dada alipomuuliza thamani, alijibu bila kuficha kwamba nyingi hazifiki bei ya kuku mzuri, kwa sababu watu wa kale walizitengeneza kwa wingi na ardhi imejaa. "Basi afadhali," dada alisema. "Zingekuwa za bei ningeogopa kukaa nazo." Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi.

Alizitunza kwenye kopo la majani ya chai, kila moja imeviringishwa kipande cha kanga. Baada ya chakula cha jioni alizipanga mezani, nami nikakaa upande wa pili. Kulikuwa na farasi, kulikuwa na kichala cha zabibu, kulikuwa na mkuki wa meno matatu. Kulikuwa na bundi, macho makubwa, anakutazama mbele. Na kulikuwa na nyuki, ndogo kuliko zote, mabawa yamefunguka, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Aliishika kwa ukingo, akaisogeza kwenye mwanga. Wakati ule nilidhani anapenda picha. Sasa nadhani ni kitu kingine. Mchana kutwa hela zilipita mikononi mwake na hata moja haikuwa ya kukaa. Hizi zilikaa.

Kaka mkubwa wa Baba Neema aliitwa Simbeye, naye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu ndugu yake akiwa safarini. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lisomeke. Alikuja kutusalimia jioni moja akakuta kopo liko wazi. Akaichukua ile ya bundi, akaisogeza karibu na macho.

"Shemeji, hii umeipata wapi?"

"Kwa Mzee Yani wa Mbozi. Ni ya Wagiriki."

"Hii ni rupia."

"Rupia ina maandishi ya Mjerumani, shemeji. Hiyo ni ya Wagiriki. Haifiki bei ya kuku."

Simbeye akacheka polepole. "Mwenye mali ndivyo anavyosema."

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze. Kuna watu wanaoamini kwamba baadhi ya rupia za Mjerumani zina nguvu ndani, kwamba zikiwekwa karibu na mchele, mchele unasogea wenyewe, na kwamba kuna matajiri wanaozitafuta kwa mamilioni ili ziwazalie mali. Sijawahi kumwona tajiri huyo. Nimewaona wanaomtafuta, na nimeona mashamba waliyoyauza. Mwaka ule habari hizo zilikuwa kila kijiwe, na bundi kwa watu wetu si ndege wa kuchezea. Akilia juu ya nyumba, watu wanaulizana nani mgonjwa. Sarafu ya kale yenye bundi ilikuwa imejieleza yenyewe. Dada alisema ukweli kwa kila aliyemuuliza, na kila alipousema walizidi kuamini kinyume. Wabadilishaji wenzake pale benchi walianza kumwita Mama Rupia. Kwanza kwa utani, baadaye waliacha kucheka.

Simbeye alirudi Alhamisi moja mchana, na mtu ambaye alimtambulisha kwa neno moja tu, Mtaalamu. Alikuwa mtu msafi, koti la kijivu, kucha zimekatwa vizuri, salamu zake za heshima kuliko zetu. Alimwomba dada sahani ya bati na kiganja cha mchele mbichi. Dada alinitazama, mimi nikamtazama Simbeye, Simbeye akatazama sakafu. Ni vigumu kumkatalia mkubwa wa ukoo sebuleni kwa ndugu yake. Dada akaleta sahani. Mtaalamu akavuta pazia, akaweka sarafu ya bundi katikati ya sahani, akatawanya mchele kuizunguka, akatuambia tusipumue kwa nguvu.

Tulikaa. Nilisikia mtoto akicheza na mfuniko wa sufuria chumbani. Kisha lori likaja kutoka upande wa Vwawa, limejaa, nikalisikia kwa miguu kabla ya masikio kama ilivyokuwa kawaida. Meza ikatetemeka. Vikombe vikagongana. Na mchele ukasogea. Punje zilirukaruka juu ya ile bati, nyingine zikateleza hadi kwenye ukingo wa sarafu zikagota hapo. Simbeye alishika magoti yake. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Ni lori," nilisema.

Simbeye hakuondoa macho kwenye sahani.

"Shemeji, ni lori. Hata vikombe vinaruka. Weka kitufe cha shati hapo, mchele utasogea hivyohivyo."

"Amba," Simbeye alisema bila kunitazama, "nyamaza wakubwa wakizungumza."

Mtaalamu hakuonekana kufurahi wala kushangaa. Alifungua mkono akasema inayo nguvu, lakini imelala. Hapo ndipo Neema alipotoka chumbani akipita chini ya pazia la mlangoni, mfuniko mkononi, akamwendea mama yake. Mtaalamu alimtazama. Hakumtazama kama watu wanavyotazama watoto, kwa tabasamu au kwa kutoona. Alimtazama kama wabadilishaji wanavyotazama noti.

"Huyu ni wa kwanza?"

Dada akamvuta Neema magotini kwake.

"Wa kwanza," Simbeye alisema, "na wa pekee."

"Vizuri." Akakusanya mchele, akarudisha sarafu kwenye kopo, akafunika. "Kopo hili lilale chini ya mto wake mpaka Jumatatu. Jumatatu nakuja na mwenye hela, na yeye ndiye atakayesema inaamshwaje. Isiguswe na chumvi. Na isiombewe. Hata mtu akija hapa na Biblia, kopo litolewe nje. Ikiombewa hiyo ni chuma tu."

"Ni shaba," dada alisema.

Nadhani hilo ndilo neno pekee alilosema mbele ya mtu yule siku ile.

Walipoondoka alikwenda jikoni akaanza kusonga ugali ingawa haikuwa saa ya chakula. Nilisimama mlangoni. Alisonga kwa nguvu, sufuria ikizunguka juu ya mafiga, na mtoto alikuwa mgongoni kwake tayari, amefungwa kwa kanga, ingawa alikwisha kuwa mkubwa wa kutembea mwenyewe. "Umesikia alichouliza," alisema. Nikasema nimesikia. Nikamwambia tuwape kopo lote waende zao. Alitikisa kichwa. "Nikiwapa, watakaa nalo. Halitazaa kitu, kwa sababu ni shaba. Halafu watarudi kuuliza kwa nini halizai, watasema imepungua kafara, na unajua ya nani." Nikasema twende polisi. "Tukasemeje? Kwamba mtu kamwangalia mtoto?" Nikasema basi tulitupe mtoni. Akasema wakiambiwa limetupwa watajua limefichwa. Hata Mzee Yani tulimfikiria, aje aseme mwenyewe. Dada akasema watasema Mgiriki anataka mali yake irudi. Kila mlango niliougusa alikuwa ameshaugusa yeye. Alipakua ugali, akauweka mezani, hakuna aliyekula. Tulikuwa na ukweli mtupu mikononi, na ukweli ule haukuwa unanunua kitu. Nilikuwa kijana niliyefundishwa kwamba mtu mkweli yuko salama. Alhamisi ile niligundua kwamba kuna wakati ukweli unakuacha umesimama peke yako sebuleni, na mtu mwenye kucha safi anatazama mtoto wako.

Ijumaa na Jumamosi sikuvuka kwenda Nakonde. Nilikaa na baiskeli karibu na benchi la dada nikijifanya natengeneza mnyororo. Alibadilisha hela na mtoto mgongoni, na wateja walimtania, "Mama Neema, unamrudisha tumboni?" Upande wa pili wa barabara, penye tairi kuukuu za kuuza, alisimama kijana nisiyemfahamu, siku zote mbili, hanunui tairi. Dada alimwona kabla yangu. Alihamia upande wa ndani wa benchi, kati ya wanawake wawili wanene, akabanana nao hadi jioni.

Jumapili asubuhi alioga, akamvisha Neema gauni la Krismasi, akachukua kopo akaliweka kwenye kikapu pamoja na mayai. Ndipo nilipoelewa. Kanisani kwetu asiye na hela analeta alichonacho, kuku, maharage, mkungu wa ndizi, vyote vinawekwa mbele ya madhabahu, mchungaji anaviombea, na ibada ikiisha vinapigwa mnada pale nje mbele ya watu wote. Nilimuuliza, "Zote?"

"Zote."

"Hata ya nyuki?"

Alikaza mkia wa kanga kifuani. "Nikibakiza moja, Simbeye akiniuliza kama nimebakiza, nitamjibu nini?"

Kabla ya ibada alimfuata mchungaji upande wa nyuma, nami nilikuwa karibu nikasikia. Alimwambia, "Natoa sadaka hii, lakini nisikudanganye. Natoa kwa moyo nusu, na nusu kwa hofu." Mchungaji, mzee mwenye kikohozi, akamwambia, "Mama Neema, sadaka nyingi ndivyo zilivyo. Zingine wenyewe hawasemi." Kisha wakati wa matoleo alinyoosha mikono juu ya kuku waliofungwa miguu, juu ya maharage, mayai na kopo la majani ya chai, akaomba kwa sauti, akakohoa, akaomba tena. Simbeye alikuwa kwenye benchi la tatu. Niliiona shingo yake ikikakamaa.

Nje jua lilikuwa kali. Mzee wa kanisa aliyeendesha mnada alikuwa mcheshi, aliuza jogoo kwa kumsifia kama bwana harusi, aliuza ndizi, aliuza mayai. Kisha akafungua kopo, akamimina sarafu kiganjani. "Mjane wa kwenye Biblia alitoa senti mbili," alisema, "Mama Neema katoa kopo zima. Nani anaanza?" Watu walicheka. Kisha akaiinua ile ya bundi ili waione, na kicheko kikakatika. Waliokuwa mbele walirudi nyuma kidogo. Kijana mmoja akasema, "Mzee, hiyo ukiingiza ndani, mwenyewe atakuja kuitafuta usiku," na safari hii hakuna aliyecheka.

"Nani anaanza?"

Desturi ni kwamba kisichopata mnunuzi kinarudi kwa aliyekitoa, akakiuze mwenyewe alete hela. Niliwaza kopo lile likirudi kwenye kikapu cha dada, Jumatatu ikija. Mfukoni nilikuwa na hela ya tairi jipya la baiskeli. Niliishika. Nilianza kuinua mkono, nikamwona dada kwa upande wa pili wa umati, Neema mgongoni, ananitazama, anatikisa kichwa kidogo tu. Naelewa vizuri zaidi leo kuliko pale: tukilinunua sisi, tumejinunulia wenyewe, na kila kitu kitakuwa kimerudi kilipokuwa. Nikashusha mkono. Simbeye alikuwa amemwendea mchungaji. Nilimsikia akiuliza kwa sauti iliyokauka, "Na hilo kopo liliombewa?" Mchungaji akajibu, "Vyote, mwanangu. Hata wale kuku." Simbeye akasimama pale, mikono inaning'inia, kama mtu aliyefika kituoni basi limeshaondoka.

"Naanza kurudisha," alisema mzee wa mnada.

"Hilo kopo lina mfuniko wake?"

Alikuwa Bibi Nanyika, mjane aliyeuza maandazi kando ya barabara, karibu na foleni ya malori. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kwa sababu ya miguu.

"Lina, bibi."

"Halivuji?"

"Bibi, ni kopo la majani ya chai. Si ndoo."

"Usinijibu kama mkeo. Nataka kopo. Hivyo vyuma nitajua pa kuviweka." Akafungua pindo la kitenge, akataja bei ya kopo tupu. Umati ukacheka kwa nguvu, kicheko cha watu waliokuwa wameshikilia pumzi, na mzee wa mnada akapiga kiganja chake kumaliza. Bibi Nanyika alizimimina sarafu za Wayunani kwenye pindo, akafunga fundo, akaondoka na kopo kwapani.

Jumatatu walikuja mchana, Mtaalamu na mwenzake mwenye mkoba, Simbeye akiwa mbele. Nilisimama mlangoni. Dada alinisogeza, akawakaribisha, akawaambia mwenyewe, kwa mpangilio, bila kuongeza: aliipeleka kanisani, ikaombewa mbele ya watu wote, ikauzwa pamoja na kuku, imekwenda. Mtaalamu alimgeukia Simbeye, Simbeye akaitikia kwa kichwa. Wakati huo lori likapita. Vikombe kabatini vikagongana kama kawaida yake. Mtaalamu, mgeni pale ndani, aliinua uso. Alitazama vikombe. Kisha akatazama meza, mahali ilipokuwa sahani, akaitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama mtu yeyote siku ile. Nilijua ameelewa. Alijifunga kifungo cha koti. "Basi, imekufa," alisema, na kwa Simbeye, walipofika nje, "Umenipotezea safari." Yule kijana wa kwenye tairi hatukumwona tena. Baba Neema aliporudi kutoka Kongo alisikiliza yote, hakugomba, akamwendea kaka yake wakakaa nje ya nyumba kwa muda, na tangu hapo Simbeye alipokuja kusalimia aliketi karibu na mlango. Miaka kadhaa baadaye ndiye aliyemlipia Neema ada ya sekondari. Hakutaja kwa nini.

Nilidhani dada amezipoteza sarafu zake. Wiki ileile, asubuhi, nilisimama kwa Bibi Nanyika kununua chai, nikaona kitambaa cheupe kilichofunika beseni la maandazi. Kila lori lilipopita, upepo na vumbi viliinua nailoni za wauzaji wengine wote, wakakimbilia kuzishika. Kitambaa cha Bibi Nanyika kilitulia. Pembe zake zote nne zilikuwa zimefungwa mafundo, na ndani ya kila fundo mlikuwa na kitu kizito. Nilimwambia dada. Kesho yake alikwenda, na bibi akamwambia, "Mama Neema, andazi lako liko chini kabisa. Inua kitambaa mwenyewe." Alikiinua kwa pembe. Alikaa na ile pembe kati ya vidole muda wa kuchagua andazi, na alikuwa mtu wa kuchagua polepole. Alifanya hivyo miaka mingi, kila asubuhi aliyokwenda benchi. Niliwahi kumuuliza bibi kama alijua anachokifanya siku ya mnada. "Mimi nilitaka kopo," alijibu. Kopo lenyewe sikuwahi kuliona likitumika.

Bibi Nanyika naye alitangulia. Beseni lilibaki kwa mjukuu wake, na ni yeye aliyeleta maandazi hapa msibani, siku ileile ya maziko, baada ya wale akina mama kumaliza masufuria. Kitambaa ni kipya, kina maua. Mafundo ni yaleyale. Nilikwenda nikashika pembe moja. Nilipapasa kutafuta nyuki, lakini vidole vyangu ni vya jembe sasa, sikuweza kuijua.

"Mjomba, mbona unashika tu, huli?" Neema alikuwa pembeni yangu, macho yamevimba.

Niliuchukua mkono wake nikauweka kwenye fundo. "Pima."

"Ni nini?"

"Ndizo hizo rupia za mama yako," nilisema, kwa sauti ambayo wale akina mama wawili waliisikia, wakageuka. "Kaa nikueleze."

Alikaa, fundo bado mkononi. Barabarani lori likaja, limejaa, nyumba ikatetemeka, vikombe vikalia ndani, na vumbi likatupitia sote. Kitambaa hakikuinuka.